Koti Moja kwa Abiria Wote

Wiki jana mliniacha nimepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha kushonea, mbele ya mke wangu, nikiomba radhi kwa ajili ya pazia la mteja. Nilikuwa nimelitandaza nyuma ya watu niwapige picha, na likarudi nyumbani na doa la wino. Basi nimeshasimama. Magoti bado yananiuma, lakini nilisamehewa.

Nilisamehewa kwa sharti. Mke wangu, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, alinyoosha mkasi kuelekea ukutani, kwenye safu ya misumari zinakoning'inia nguo za wateja.

"Tabasamu," aliniambia, maana hilo ndilo jina nililobaki nalo tangu enzi za studio, "kitu cha mteja usikiguse tena bila kuniambia. Ukikigusa, ujue chumba hiki ni changu, cherehani ni yangu, na mwenye nyumba ananijua mimi. Atakayefunga virago si mimi."

Nikaapa. Babu yangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani akifuatilia kesi, akaitikia amina. Huyo babu msimsahau. Anaishi nasi, ana meno mengi kuliko yangu, na leo tutamhitaji.

Kwa mgeni aliyepanda treni ya hadithi hii njiani, nieleze kidogo. Studio yangu ilikufa siku watu walipogundua kwamba simu zao zina kamera. Nikabaki na kamera na mazoea. Ndipo ilipofunguliwa stesheni mpya, ile yenye ngazi zinazopanda zenyewe na mageti yanayosoma tiketi, na mkuu wa stesheni akataka ukuta wa ukumbi wa kusubiria ujae picha za abiria. Hakutaka watu maarufu. Alitaka wapita njia.

"Mtu akishuka ajione," alisema. "Lakini wapendeze. Sitaki picha za polisi."

Hapo kwenye kupendeza ndipo shetani alipopata mlango.

Zamani kila studio ilikuwa na koti. Mteja aliingia na shati lililokunjamana, akavalishwa koti, akatoka kwenye picha akiwa meneja wa benki. Mimi nilifundishwa kazi hivyo, na mazoea yana taabu. Koti langu la studio lilikuwa limetafunwa na panya hadi mabegani. Na pale ukutani kwa Fundi, kwenye msumari wa mwisho, lilining'inia koti la kijivu la Mzee Mizani.

Mzee Mizani mwenyewe sikuwa nimewahi kumtia machoni. Wateja wa Fundi huja mchana, na mchana mimi niko stesheni. Nilichojua ni kwamba anakagua mizani za madukani, kwamba hana mzaha, na kwamba koti hilo alilivaa siku aliyooa na sasa anataka kulivaa akimwoza binti yake. Fundi alikuwa amelitia bitana mpya. Kifungo cha tatu kilikuwa kimepotea, na alizunguka mji mzima akikitafutia pacha wake mpaka akarudi ameshika viatu mkononi. "Sijawahi kupoteza hata uzi wa mtu," husema, na ni kweli.

Asubuhi moja, yeye akiwa jikoni, nikalikunja nikalitia kwenye begi la kamera. Nikajiambia ni siku moja tu, na jioni nikalirudisha msumarini. Kesho yake nikajiambia hivyo hivyo, maana Fundi akishamaliza nguo haitazami tena mpaka mwenyewe aje.

Na lilifanya kazi, jamani. Siwezi kusema uongo, angalau si kwa hili.

Nilimkuta mwanamke mmoja chini ya ubao wa ratiba, amekumbatia saa kubwa ya ukutani.

"Dada, naomba nikupige picha."

"Mimi na wewe hatujuani."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Wanaonijua wameshakataa."

Akacheka. Akalitazama koti. "Na hilo lina jasho la nani?"

"Lako, ukishalivaa."

Akalivaa, akaipakata saa, akatoka kwenye picha kama mtu aliyenunua muda wote wa mji ule. Baada yake akaja kijana wa kubeba mizigo, koti likamfika magotini, na hata yeye akainua kidevu. Kuna nguo zinazomkumbusha mtu kwamba ana shingo.

Kila jioni mkuu wa stesheni alizitundika picha mpya mwenyewe. "Umewapa abiria wangu sare," alisema. Watu wakawa wanasimama chini ya ukuta wakiulizana kama hawa wote ni wa ukoo mmoja. Nilifurahi. Tangu studio ifungwe sikuwa nimeona mtu akisimama mbele ya kazi yangu.

Sasa ndiyo tunafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mkesha wa harusi ya binti wa Mzee Mizani, na koti lilikuwa la kuchukuliwa jioni. Mtu mwenye akili angeliacha msumarini. Mimi nilisema picha chache tu za mwisho, halafu basi.

Asubuhi hiyo, pale jukwaani, kwenye benchi la chuma, alikuwa amekaa mzee mmoja mrefu, ana shati jeupe la mikono mirefu na mfuko mdogo wa safari miguuni. Uso wake ulikuwa na mistari mizuri. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee. Naomba uso wako kwa dakika moja."

"Marahaba. Utanirudishia?"

Nikampenda papo hapo. Nikamweleza habari za ukuta, akasikiliza hadi mwisho, tofauti na wengi. Nilipotoa koti kwenye begi, akalikazia macho. Akasimama, akageuka, akaingiza mikono kwenye mikono ya koti bila kuhangaika.

Likamkaa. Nimewavalisha watu makoti miaka nenda rudi, na siku zote kuna bega linalozidi au kifungo kinacholia. Kwake halikulia popote.

"Mzee," nikamwambia, "utadhani limeshonewa wewe."

"Eh," akasema. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye kifungo cha tatu, kinakipapasa. "Kijana, koti hili umelipata wapi?"

Wasomaji wangu, ukweli ulikuwa karibu kabisa. Ningesema ni la mteja wa mke wangu, nimeliazima bila ruhusa. Lakini ulimi wangu una miguu, hutangulia safari kabla sijafunga viatu.

"La marehemu babu yangu," nikasema. "Aliniachia."

"Oh. Pole sana."

"Nimeshapoa, mzee. Ni siku nyingi."

"Alikuwa na umbo kama langu."

"Kabisa."

"Na mikono mirefu."

"Ukoo wetu una mikono, mzee."

Akatikisa kichwa polepole, akaitazama kamera. Hakutabasamu, na mimi, Tabasamu mwenyewe, sikuthubutu kumwomba. Alinitazama kama mtu anayesubiri sindano ya mizani itulie. Nikabonyeza. Nikajua papo hapo kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo.

Kosa langu la pili likawa kuinama kuitazama.

Treni iliingia huku nimeinama. Treni hizi mpya hazina makelele, zinateleza tu kama mtu anayeingia nyumbani amechelewa. Sauti ya yule dada wa kwenye vipaza sauti ikawaambia abiria wapande. Nilipoinua kichwa, benchi lilikuwa tupu, na mzee wangu yuko ndani ya behewa, mfuko mkononi, koti mwilini.

"Mzee," nikaita. "Mzee, koti."

Milango ikajifunga. Ile treni ya zamani ungeweza kukimbia nayo, ukaning'inia, ukabishana na mtu dirishani hadi stesheni ya pili. Hii hata dirisha halifunguki. Nikagonga kioo. Mzee akanitazama kwa upole, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi cha mwisho, akanipungia mkono, akaketi.

Nikabaki na kamera shingoni na moyo tumboni.

Nikakimbilia dawati la maelezo. Pale hukaa mama mmoja mtaratibu sana, anayeuliza maswali kama anayepanga vyombo kabatini.

"Umeibiwa?"

"Mtu ameondoka na koti."

"Alikunyang'anya?"

"Hapana. Nilimvalisha mwenyewe."

"Ukamvalisha mwenyewe. Halafu?"

"Nikampiga picha."

"Halafu?"

"Treni ikaja, akapanda."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo ni abiria, amevaa koti, amepanda treni. Ndugu yangu, hapa ndiyo kazi yao."

Nikamwonyesha ile picha kwenye kamera. Akaitazama sana. "Ana sura ya mtu mwema," akasema, jambo ambalo halikunisaidia. Lakini alinihurumia, akachukua simu, akampigia mhudumu wa behewa. Nikasimama nakula kucha. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasikiliza tena, akaifunika simu kwa kiganja.

"Amepatikana. Anasema koti ni lake."

"Lake? Mwongo mkubwa huyo."

"Na anasema pole."

"Pole ya nini?"

"Amesema wewe unajua."

Nilikasirika jamani. Mtu anakuibia mchana kweupe, halafu anakupa pole juu. Nikamwambia mama wa maelezo dunia imeharibika, watu hawana haya, mtu mzima anachukua kitu kisicho chake. Nilisema hayo kwa mdomo huu huu.

Jioni, njia nzima ya kurudi nyumbani nilijipanga. Nitaingia, nitakaa chini, nitamwambia Fundi kila kitu. Koti limeondoka na treni, mke wangu, nifukuze. Nilikuwa nimelikariri kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa.

Nilimkuta anapiga pasi, anaimba kidogo kidogo. Babu amesinzia kwenye kiti chake. Msumari wa mwisho ulikuwa mtupu, na niliuona kabla sijaona kitu kingine chochote.

"Umekuja wakati mzuri," Fundi akasema. "Koti la Mzee Mizani umeliona? Anakuja kulichukua sasa hivi."

Nikafungua mdomo nitoe hotuba yangu.

"Nimelipeleka kwa dobi," ulimi ukasema. "Lipigwe pasi ya mvuke. Kwa ajili ya harusi."

Akaacha pasi. Nilidhani amenigundua. Lakini macho yake yalilainika, na hilo likawa baya zaidi.

"Umefikiria hivyo mwenyewe?"

"Mm."

"Nilijua utabadilika," akasema. "Watu wananiambia maneno mengi juu yako, nami nawaambia subirini tu. Ingawa ungeniambia kwanza. Lakini kwa hili sikugombezi." Akanimiminia maji, akaninywesha kwa mkono wake, mimi mtu mzima.

Nilijisikia mdogo. Nimewahi kutukanwa na mke wangu, nimewahi kununiwa, na yote hayo niliyamudu. Kusifiwa kwa uongo wangu sikuweza. Yale maji yalikataa kushuka. Nikaweka bilauri chini, nikasema, "Mama, sikiliza, kuna jambo."

"Hodi hapa," ikasema sauti mlangoni.

"Karibu, mzee, karibu ndani," Fundi akaitikia, uso umemng'aa. "Shikamoo. Tulikuwa tunakutaja sasa hivi."

Akaingia mzee mrefu mwenye shati jeupe la mikono mirefu. Mkononi ana mfuko mdogo wa safari, umevimba kuliko asubuhi.

Miguu yangu ilitaka kuondoka lakini haikukubaliana upande wa kwenda.

"Mzee, huyu ndiye mume wangu," Fundi akasema. "Hamjawahi kukutana. Ndiye anayepiga picha kule stesheni."

"Shikamoo," nikasema. Ilitoka kama ya panya.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Mizani akaniangalia kwa jicho lile lile la jukwaani. Akauweka mfuko juu ya meza ya kukatia, hakuufungua. "Na pole tena kwa msiba."

Fundi akageuka. "Msiba gani?"

"Wa babu yake. Yule aliyemwachia koti."

 Dirishani kiti kikalia, na babu akafumbua jicho moja.

"Nimekufa lini?" akauliza.

Mzee Mizani akageuka kumtazama.

"Nauliza tu," babu akasema. "Mbona mimi sikuambiwa?"

Mke wangu si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Akautazama msumari mtupu. Akautazama ule mfuko. Akanitazama mimi, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa dobi, sivyo?"

Alikuwa ananipa nafasi. Hilo nililielewa baadaye. Mzee Mizani naye alisimama tu akisubiri, mkono juu ya mfuko wake. Ningeshikilia uongo wangu nione utanifikisha wapi. Lakini ladha ya yale maji ilikuwa bado kooni.

"Sikulipeleka kwa dobi," nikasema. "Nililichukua kwa siri. Limekwenda stesheni siku zote hizi. Leo nimemvalisha mwenyewe na sikumjua. Mzee, nisamehe. Mke wangu, wewe sijui nikuambie nini."

"Wamelivaa wangapi?"

"Wote waliokubali."

Fundi akavuta kiti, akakaa. Nilitamani apige kelele. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kipande cha kitambaa, akamgeukia mteja wake.

"Mzee, mimi sikujua. Naomba uniamini."

"Ndicho nilichokuja kupima," Mzee Mizani akasema. "Nilipolivaa pale stesheni nilisikia uchungu, nikasema kumbe Fundi anaazimisha nguo zetu. Nimekwenda kazini kwangu nalo, nimerudi nalo, nimepita chini ya ule ukuta wa picha, bado nina uchungu. Sasa nimeona uso wako. Wewe sina neno nawe." Akafungua mfuko, akalitoa koti likiwa limekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kulikunja mimi. "Bitana ni safi. Na kifungo ni kile kile, sijui ulikitoa wapi. Lakini kuna jambo moja. Kesho asubuhi wakwe zangu wanashuka stesheni hiyo, wamejaza behewa zima. Mimi nitawapokea na koti hili. Sitaki wainue macho ukutani waone limevaliwa na kila mpita njia mpaka mbeba mizigo."

"Hawataona," Fundi akasema. "Huyu atakwenda kabla treni haijafika, azitoe zote."

"Nitazitoa," nikasema haraka.

"Na hii nipe."

Fundi akanivua kamera shingoni. Akachukua kikaratasi cha wateja, kile cha kubandika kwenye nguo, akakipachika kwenye mkanda wa kamera kwa pini. Kisha akaitundika kwenye msumari wa mwisho, pale lilipokuwa koti.

"Sasa hicho ni kitu cha mteja," akasema. "Mteja mwenyewe ni wewe. Harusi ya watu ikipita salama, utakuja uchukue. Ukikigusa kabla, sharti letu unalijua."

Ilikuwa hukumu nyepesi kuliko niliyostahili, na nilitaka kumshika mkono nimwambie hivyo. Mzee Mizani alikuwa tayari anaaga, Fundi ameinama analikagua koti mshono kwa mshono, na kwa mara ya kwanza siku ile nikavuta pumzi.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mkuu wa stesheni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kula keki.

"Tabasamu, una bahati wewe. Kesho kuna ukoo wa bwana harusi unashuka, behewa zima. Wameziona picha zetu kwenye simu za watu, na wameomba wapigwe wote chini ya ukuta, mmoja mmoja, kuanzia bibi yao. Nimeshawaahidi. Njoo mapema na kamera." Akameza kitu. "Na usisahau lile koti. Wanalitaka hilo hilo."

Nikaitazama kamera yangu msumarini, na kikaratasi chake. Nikamtazama Mzee Mizani aliyesimama kizingitini, ameshika mlango. Mke wangu akainua uso kutoka kwenye koti, sindano mdomoni.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikamgeukia babu, mtu wa mwisho niliyebaki naye duniani. Alikuwa amefumba macho na kukunja mikono kifuani.

"Usinitazame mimi," babu akasema. "Mimi ni marehemu."